Rangi ya Ngao za Byabato

Ninyi mliobaki karakana hamjaacha kunisumbua tangu siku ile mliponikatia keki ya kustaafu. Mnataka niandike kazi ilivyokuwa zamani. Vyeo sina habari navyo, maana katika karakana yetu ya misheni kilikuwepo cheo kimoja tu, nacho ni fundi. Mshahara nao mnaujua, kwa kuwa hamjaacha kuulalamikia. Nitaandika kuhusu kazi yenyewe: nani alinifundisha, nilishika nini mkononi, na kazi gani ilinitoa jasho. Iliyonitoa jasho kuliko zote haikuwa sanamu ya kanisani, wala hamtaikuta stoo. Ilikuwa jeshi la askari wa mbao, kila mmoja urefu wa kidole gumba, wamepanda senene.

Nitafika huko. Kwanza siku yangu ya kwanza.

Nilianza kazi mwaka wa vita vya Kagera. Nyumbani kwetu ni Kibeta, nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na baba alifahamiana na Fundi Ishengoma, aliyepaka rangi sanamu za makanisa karibu yote kuanzia mjini Bukoba hadi Muleba. Nilivaa gauni langu la Pasaka nikijua ninakwenda kumpaka Bikira Maria joho la buluu. Nilipofika nikakuta magari yamepangwa mstari uani, na Fundi Ishengoma akanipa kopo la rangi nyeusi. Mjini watu waliogopa ndege za mabomu usiku, kwa hiyo kila mwenye gari alitaka taa zake zizibwe kwa rangi, ubaki mwanya mwembamba tu wa mwanga.

Nikamuuliza, "Sasa fundi, dereva ataonaje barabara?"

"Haoni," akasema. "Ndiyo maana wewe nimekuweka huku na yeye yuko kule."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mtu mfupi, mkali, na kila ulichomuuliza alikujibu, ila jibu lenyewe lilikuacha na swali jingine. Nadhani alifanya makusudi. Aliona mapema kwamba mimi naumwa ugonjwa wa kutaka kujua, na hakutaka nipone.

Vita vilipokwisha tukarudi kwenye watakatifu, na ndipo alipoanza kunifundisha. Brashi za kununua alizidharau. Brashi ya kazi ndogo alitengeneza mwenyewe kwa nywele za ndani ya sikio la ng'ombe, alizopewa machinjioni. Alizifunga kwa uzi na kuzivuta ndani ya mrija wa unyoya wa kuku hadi zikatokeza ncha. Mkikuta machinjioni wanawacheka mnapoomba nywele za sikio, waacheni wacheke. Nywele zile zinashika rangi na kuiachia kidogokidogo, wakati zile za dukani humwaga yote mara moja halafu zinabaki zimesimama zimekutazama.

Jicho ndilo alilonifundisha kwa muda mrefu zaidi. Anayeanza hupaka jicho kama anavyolijua: jeupe, la duara, na nukta nyeusi katikati. Matokeo yake ni mtakatifu aliyeshtuka. Fundi Ishengoma aliniambia nisipake jicho, nipake kivuli cha shimo la jicho, kisha mwanga mdogo juu ya shavu, na mtazamaji ataliweka jicho mwenyewe. Sikumwamini. Nikaharibu nyuso nyingi, akazikwangua zote, mpaka siku moja nikampaka Mtakatifu Ana naye akaonekana ananiangalia mimi. Niliogopa hadi nikatoka nje.

Halafu ikaja miaka ya Ukimwi. Mlio vijana mnajua kwa kusikia. Sisi tuliijua kwa kazi iliyoletwa karakana, kwa sababu sanamu ziliacha kuagizwa na ikaagizwa misalaba. Mimi nilikuwa mwandika majina. Niliandika majina ya niliosoma nao, ya mtu aliyenisuka nywele, ya bwana harusi na baada ya muda mfupi ya bibi harusi wake. Nilikuwa na huzuni ambayo sikuwa na pa kuiweka, kwa hiyo niliiweka kwenye herufi. Kama mkipita makaburini mkaona herufi zimenyooka vizuri kupita kiasi, ni zangu. Fundi Ishengoma alikuwa amezeeka, mkono unatetemeka, na kazi zote ndogondogo zikawa zimenihamia.

Ni wakati huo Kemilembe alipokuja uani na kikapu. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mrefu wa maneno machache, na alimuuguza kaka yake nyumbani kwao Kahororo. Kaka yake ni Mwalimu Mutalemwa, aliyefundisha hesabu. Nilimfahamu kwa jina, na nilijua pia kwamba anaumwa, maana katika miaka ile hilo lilijulikana kabla ya jina.

Kemilembe alifunua kikapu. Chini ya majani ya mgomba walikuwa askari, kundi zima, wamechongwa kwa matawi makavu ya mbuni. Kila mmoja alishika ngao ndogo na mkuki wa uzi wa chuma uliotolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli, na kila mmoja alikuwa amempanda senene. Ndiyo, senene huyu huyu, panzi tunayemkaanga. Alikuwa na mabawa yaliyokunjwa, miguu ya nyuma imepinda tayari kuruka, na hatamu mdomoni.

"Mawe!" nikashangaa kwa Kihaya. "Hivi ni vitu gani?"

"Kaka anasema wapakwe rangi. Anasema uje mwenyewe, Anasta, kuna mambo ya kuelewana."

Sikuhitaji kubembelezwa. Nilifika Kahororo siku hiyo hiyo.

Mwalimu Mutalemwa aliketi kitandani ameegemea ukuta, amejifunika blanketi hadi kifuani. Alikuwa amekonda sana. Sauti tu ndiyo ilibaki ya mwalimu wa hesabu, ile inayokufanya uketi wima. Karibu na kitanda kulikuwa na ubao wa mlango uliolazwa juu ya makreti, umetandikwa orubugo, ile nguo ya magome ya mti waliyovaa wazee wetu. Vilima vilikuwa vya mawe yaliyowekwa chini ya nguo. Ziwa lilikuwa karatasi ya buluu. Kando ya karatasi lilisimama jeshi jingine, la zamani, la watu wa ziwa waliopanda kamongo, wale samaki wa matopeni.

Nilimuuliza maswali hadi Kemilembe akanitengea kiti nisichoke. Mwalimu alijibu yote, na nikaona uso wake unapata uhai kadiri nilivyouliza. Mchezo ule waliubuni vitani, yeye na rafiki yake Byabato. Walikuwa wanamgambo, wakakaa mahali kwa muda mrefu wakisubiri amri ya kusonga mbele, na kwa kuchoshwa wakaanza kupigana vita vyao wenyewe kwenye udongo kwa kutumia vijiwe. Waliporudi nyumbani hawakuacha. Vijiwe vikawa askari. Mwendo wa askari ulipimwa kwa kamba ya mgomba iliyofungwa mafundo. Mapigano yaliamuliwa kwa dadu ya mfupa. Kila jeshi lilikuwa na mtemi wake, na mtemi akiuawa mchezo umekwisha. Watu wa ziwa walikuwa wa Mutalemwa, wa mlimani walikuwa wa Byabato, na kila Byabato alipokuja mjini kutoka visiwani, alikokuwa akiuza samaki, walicheza Jumapili nzima.

"Jeshi lake la zamani liko wapi?" nikauliza.

"Lilikuwa la udongo. Alilifinyanga mwenyewe. Nilipoanza kuumwa alilituma kwa mtu wa basi, ndani ya boksi la sabuni, bila neno hata moja. Lilifika limevunjika. Sijui kama alilivunja yeye au barabara ya Muleba."

"Na tangu hapo?"

"Hajaja."

Kemilembe alikuwa mlangoni. Alisema kwa heshima ya Kihaya, "Watu wanakuja, waitu. Katekista anakuja kucheza naye. Majirani wanakuja."

"Katekista!" Mwalimu akaangua kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. "Katekista anasukuma askari wangu kwa kalamu asije akawagusa. Halafu ananiacha nishinde. Hata huyu dada yangu ananiacha nishinde, anadhani sioni. Anasta, nimefundisha hesabu miaka yangu yote, najua mtu anapokosea makusudi. Kushinda kwa kuhurumiwa kumenichosha. Nataka mechi moja ya kweli na Byabato kabla mikono hii haijakataa. Ndiyo maana nimemchongea jeshi jipya."

Basi kazi ikaeleweka. Nikatoa vikopo vyangu na kumwuliza rangi za ngao, maana ngao ndizo zinazoonekana mbali. Akakataa kusema.

"Nikichagua mimi, litakuwa jeshi langu la pili. La kwake lazima achague yeye."

"Lakini Mwalimu, yuko kisiwani."

"Meli na mitumbwi si inakwenda?"

Mnaona alivyokuwa. Nilimwambia nitafikiria, na wakati huo huo nikaanza kazi ambayo haikuhitaji ruhusa ya mtu: senene wenyewe.

Nilidhani namfahamu senene. Nimemkamata tangu utoto, nimemkwanyua mabawa na miguu ndoo kwa ndoo. Lakini nilipotaka kumpaka rangi nikagundua sijawahi kumtazama. Ulikuwa msimu wao, kwa hiyo asubuhi nikaenda kwenye nyasi za Kibeta pamoja na wanawake waliotoka kuokota, nikarudi na wangu ndani ya chupa. Mama alikuwa ameshabandika kikaango. Nikamwambia hawa si wa kukaanga, ni wa kazini. Akaepua kikaango, kisha akawaambia majirani kwamba sasa misheni wanatengeneza sanamu za senene, na kwa wiki kadhaa watu waliniuliza ni mtakatifu gani huyo.

Niligundua kwamba wa kijani si wa kijani. Mgongoni ni wa kijani, ubavuni anaingia kwenye manjano, na baadhi wana mstari wa zambarau uliofifia ambao hauonekani mpaka umgeuze kwenye mwanga. Wa kahawia anafanana na jani kavu la mgomba, na paja lake lina mistari myembamba kama imechorwa kwa rula. Nilikaa nao dirishani na kikombe cha chai kikapoa. Nilijiona mjinga na nilijiona mwenye furaha, vyote pamoja. Miezi mingi nilikuwa sijatazama kitu kwa ajili ya kukitazama tu.

Sasa mapishi, mliyoyasubiri. Mbao ya mbuni ni ngumu na laini juu, lakini inanyonya. Pakeni kwanza gundi ya mbao iliyozimuliwa, ikikauka mpitishe msasa mwembamba, halafu rangi nyeupe ya chini, nyepesi, isije ikaziba makato ya kisu. Kila askari mbandikeni juu ya kizibo cha soda kwa nta ya mshumaa, mshike kizibo, msimshike askari. Rangi ya mwili ikishakauka, chukueni rangi ya kahawia iliyokolea, izimueni kwa tapentaini mpaka iwe kama chai ya rangi, mmwagieni mwili mzima. Itakimbilia kwenye mashimo yenyewe na kuwapa vivuli bila nyinyi kuhangaika. Mwisho brashi iliyo karibu kukauka, mpitishe juu juu tu, na kila ukingo utang'aa. Nyuso nilifanya alivyonifundisha Fundi Ishengoma, kivuli cha jicho bila jicho. Nilimpelekea Fundi mmoja kitandani kwake, kwa kuwa naye alikuwa hainuki tena. Alimgeuza, akamgeuza tena, akasema, "Huyu anamtafuta mtu." Sikuwahi kupata sifa kubwa zaidi kutoka kwake.

Ngao zikabaki nyeupe. Kila mara nilipokwenda Kahororo mikono ya Mwalimu ilikuwa myembamba zaidi, na dadu ilimponyoka. Nikaona kama ni kusubiri, nitasubiri hadi nimwandikie jina lake msalabani. Wazo hilo lilinichukiza. Nikamfunga askari mmoja kwenye kitambaa, nikamweka kifuani, nikapanda basi la Muleba, nikashuka hadi mwaloni, ufukweni kwa wavuvi, na kuingia kwenye boti ya wachuuzi.

Kisiwani watu wametoka kila upande, kila mmoja na Kiswahili chake, na hakuna anayekuuliza wewe ni wa ukoo gani. Walinielekeza kwenye kichanja cha kukaushia samaki. Byabato alikuwa mtu mpana, ana kovu shingoni, anageuza sangara wa chumvi juani.

"Shikamoo kaka. Wewe ndiye Byabato?"

"Marahaba. Ndiye mimi. Unataka kayabo kiasi gani?"

"Sitaki samaki. Nataka rangi."

Nikafungua kitambaa na kumsimamisha yule askari juu ya meza ya mizani. Byabato aliinama akamwangalia, mikono ameificha nyuma.

"Huyu kachongwa na Mutalemwa," akasema.

"Umejuaje?"

"Miguu. Hajawahi kuweza miguu ya mtu. Ndiyo maana anawapandisha vitu." Akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. Hakunyoosha mkono.

Nilikasirika, nasema wazi. Nilikuwa nimeshaona watu wakivunja vikombe vya wagonjwa, wakichoma mikeka yao.

"Hata kinyago unakiogopa, kaka? Nimekibeba kifuani kutoka Bukoba na nimefika mzima."

Akafuta mikono kwenye suruali. Alitazama huku na huku, kisha akanionyesha niketi kwenye kreti, naye akaketi.

"Dada, si yeye ninayemwogopa. Sisi tulifanya omukago."

Mlio wageni Kagera niwaeleze. Zamani watu wawili wakipendana kuliko ndugu walichanjwa karibu na kitovu. Punje ya kahawa ikapasuliwa, kila nusu ikapakwa damu ya mmoja, na mwenzake akaimeza. Tangu hapo ni damu moja. Shida ya huyu ni shida ya yule. Mapadre hawakupenda, na wakati wetu ni wachache waliokuwa wakifanya.

"Tulikuwa tunakaribia kuvuka kwenda mbele," akasema. "Hatukujua kama tutarudi. Punje tuliichuma kwenye shamba la mtu. Sasa niambie. Damu yake iko tumboni mwangu na yangu iko kwake. Yeye anaumwa. Mimi ni nani nisiumwe?" Akazungusha vidole kwenye kifundo cha mkono wake mnene. "Kila nikiamka najipima hivi. Mke wangu nimemrudisha kwao bila kumwambia sababu, anadhani nimepata mwingine. Na nikiingia pale Kahororo nikamwona Mutalemwa kitandani, nitakuwa nimejiona mimi. Sitaweza."

Leo ningemwambia mambo mengi, kwamba vita vilikuwa zamani, kabla ugonjwa haujafika, kwamba kuna vipimo, na kweli baadaye alikwenda kupima akakutwa hana kitu, akamfuata mke wake kwa aibu kubwa. Lakini wakati ule mimi sikuwa na elimu hiyo, na yeye asingenisikia. Nilikuwa mpaka rangi niliyetumwa na mteja. Nikamwambia lile nililotumwa.

"Kaka Byabato, Mwalimu hakunituma nikuulize habari za damu. Amenituma nikuulize ngao zako ziwe rangi gani."

Akanitazama kama nimemtukana. Kisha akamtazama askari. Upepo ulikuwa unavuma, yule askari akayumba kwenye kizibo chake, akaelekea kuanguka, na Byabato akamdaka. Nadhani mkono ulikwenda kabla yeye hajaamua. Alimshika, akamgeuza, akapapasa miguu ya senene kwa kidole chake kilichojaa magamba.

"Njano," akasema mwishowe. "Si ile njano yenu ya kanisani. Njano ya mtumbwi wangu." Akaingia kibandani akatoka na kopo la rangi iliyobaki, limekauka ukingoni. "Na umwambie sijasema nakuja."

"Nitamwambia umesema njano."

Njano ile ilikuwa adhabu. Rangi ya mtumbwi imetengenezwa kwa ajili ya mbao pana na maji. Ukiipeleka kwenye ngao ndogo kuliko ukucha inafanya uvimbe. Niliichuja kwa kitambaa mara kadhaa, nikaizimua ikawa haifuniki, nikaipaka tena na tena juu ya nyeupe. Na mvua za Bukoba mnazijua, rangi ilikaa mbichi kama ugali, nzi wakatua. Nilikuwa nawatoa askari nje jua likichomoza kidogo na kuwakimbiza ndani mawingu yakirudi. Kila mmoja alikuwa na ngao ile ile ya njano, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Nilipomaliza nikawapanga kwenye kilima cha orubugo, upande wa pili wa ubao. Mwalimu aliwatazama, lakini macho yake yalikuwa yameanza kufifia, ikabidi awasogelee sana.

"Amesema njano," nikamwambia kwa mara nyingine.

"Nimesikia. Njano. Anataka nimwone kutoka mbali, mjinga yule."

Jumapili ya kwanza Byabato hakuja. Ya pili hakuja. Mwalimu alikataa kucheza na katekista kwa kutumia jeshi lile, akasema lina mwenyewe. Mimi nilikuwa nakwenda kwa kisingizio cha kukagua kama rangi imekauka, ingawa ilikuwa imekauka kitambo. Kemilembe alinipa chai.

Alikuja Jumapili ambayo hakuna aliyemtarajia, misa imeshatoka. Tulisikia hodi, na pale mlangoni akasimama Byabato na koti la suti lililombana, jasho linamtoka. Hakuingia. Alimtazama Mwalimu, na Mwalimu akamtazama yeye. Niliona uso wa Byabato unavunjika, nikajua amejiona, kama alivyosema. Nilidhani atageuka.

Mwalimu akamwambia, "Umechelewa. Mlima wako uko upande ule. Kaa."

Byabato akaingia akaketi.

Walicheza. Mwanzoni hawakuongea ila maneno ya mchezo: mafundo mangapi, zungusha dadu, huyo amekufa, mtoe. Mikono yao ilipitana juu ya ubao, mnene na mwembamba. Byabato aliwagusa kamongo wa Mwalimu, akawaangusha, akawaweka kando, na Mwalimu akawaangusha senene. Dadu ilipomponyoka Mwalimu ikaingia chini ya kitanda, Byabato alipiga magoti akaitoa, akaangalia namba iliyotoka, akaitangaza ilivyo. Ilikuwa namba mbaya kwa Mwalimu. Kemilembe alinibana mkono. Tulitaka aongope, sisi wote wawili tulitaka.

Hakuongopa. Tangu hapo aliwasukuma watu wa ziwa kutoka bonde hadi bonde bila huruma, akawazungukia nyuma ya jiwe, akawatupa kwenye karatasi ya buluu mmoja mmoja. Mwalimu alijaribu kila alichokijua. Alikuwa amekaa wima, blanketi limeanguka, anatafuta mtemi wa Byabato amwue mchezo uishe, na hakumpata mpaka mtemi huyo alipotokea katikati ya kambi yake na kumaliza kazi.

"Nimekupiga," akasema Byabato.

Mwalimu Mutalemwa alipiga ubao kwa kiganja hadi askari wakaruka. "Umeniibia! Huyu mtemi nilimwona saa ngapi? Amefanana na wengine wote!" Akanigeukia mimi, macho yanamwaka. "Anasta! Hii ni kazi gani? Mtemi gani ana ngao sawa na mpiga filimbi? Nimepigwa kwa sababu ya rangi yako!"

"Mwalimu, hukunipa maagizo ya..."

"Mtu mzima anahitaji maagizo kwa hilo? Mwekee mtemi kilemba chekundu. Chekundu kabisa, nikione."

"Asimguse mtemi wangu!" Byabato akafoka. "Jeshi ni la nani?"

"Litaguswa! Na liwe tayari Jumapili ijayo, hutoki salama hapa mara mbili."

Walianza kubishana kwa Kihaya, wote wawili kwa pamoja, kwa sauti ya watu wazima walio na afya. Mimi nilikuwa nawakusanya askari kikapuni, nimeudhika kidogo, kwa sababu hakuna fundi anayependa kulaumiwa mbele ya watu. Kemilembe alinisindikiza hadi njiani. Nilidhani anataka kuniomba radhi kwa maneno ya kaka yake. Alikuwa analia.

"Umesikia alivyosema?" akaniuliza. "Amesema Jumapili ijayo. Tangu alazwe kitandani hajawahi kutaja siku ambayo haijafika."

Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna mteja mwingine aliyenifokea vile. Nilifika nyumbani na sikuvua hata viatu, nikafungua kopo jekundu.